Enders: Mwanafasihi aliyeyafichua maficho ya polio

Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na kila mwaka nashuhudia jambo lile lile. Wanafunzi wanapofikia hatua ya kuchagua masomo, walio hodari hutengwa upande mmoja wakaambiwa kwamba maabara ni yao. Waliosalia husukumwa kwetu sisi wa mashairi na tamthilia, kana kwamba fasihi ni ghala la mabaki. Hao na hawa huwasimulia habari za Mmarekani mmoja, John Franklin Enders, ambaye hadi alipokaribia umri wa miaka 30 alikuwa akizama katika fasihi ya Kiingereza na lugha za kale za Ulaya, kisha akaja kuvikuza virusi vya polio ndani ya mirija ya kioo. Leo nawasimulia wasomaji wa safu hii, na kwa walimu wenzangu nina sababu ya pili ambayo nitaitaja huko mbele.

Enders alizaliwa tarehe 10 Februari mwaka wa 1897 mjini West Hartford, katika jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa mkuu wa benki na babu yake aliongoza kampuni kubwa ya bima. Kwa hiyo kijana huyu hakuijua njaa, wala hakulazimika kuikimbilia ajira. Aliingia Chuo Kikuu cha Yale, akayakatiza masomo mwaka wa 1917 ili ajiunge na wanahewa wa jeshi la majini, na huko akawa mkufunzi wa marubani. Vita vilipokwisha alirudi Yale akamaliza shahada yake. Alijaribu biashara ya kuuza nyumba na viwanja. Ilimchosha upesi. Akaenda Harvard, akapata shahada ya uzamili mwaka wa 1922 katika fasihi ya Kiingereza, na akaanza kujiandaa kwa uzamifu katika fani hiyo hiyo, akijifunza lugha za Kiselti na za Kijerumani cha kale.

Kilichomgeuza si mhadhara wala kitabu. Katika nyumba aliyopanga pamoja na wenzake aliishi kijana mmoja kutoka Australia, Hugh Ward, aliyekuwa akifundisha elimu ya bakteria katika Shule ya Utabibu ya Harvard. Jioni Ward aliporejea maabarani kuangalia vimelea vyake, Enders aliandamana naye. Akaanza kwa kutazama, akaishia kuuliza maswali. Mkuu wa idara ile alikuwa Hans Zinsser, msomi wa maradhi ya homa ya chawa ambaye pia alikuwa mshairi na mwandishi mwenye kalamu tamu. Sishangai kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyemfungulia mlango mwanafunzi wa mashairi. Katika vyuo vyetu vingi, nadhani, angeulizwa alama zake za kemia kabla ya kukaribishwa kiti. Enders alipata uzamifu wake mwaka wa 1930, akiwa na umri wa miaka 33, kwa utafiti kuhusu namna mwili unavyoweza kushtuka na kujidhuru unapokutana tena na kitu usichokipatana nacho. Hakuwa daktari wa kutibu watu, wala hakupata kuwa hivyo maishani mwake.

Sasa nieleze polio ilivyokuwa wakati huo, maana vijana wa leo wameisikia tu katika matangazo ya chanjo. Ni ugonjwa uletwao na virusi vidogo mno ambavyo huingia kwa kinywa, hukaa matumboni, na hutoka kwa kinyesi. Aghalabu mwenye navyo hana habari. Kati ya watu wapatao 200 walioambukizwa, yamkini ni mmoja tu atakayepooza. Lakini huyo mmoja hupooza moja kwa moja, na virusi vikifika kwenye misuli ya kuvuta pumzi huwa ndio mwisho. Marekani yenyewe, pamoja na utajiri wake, iliandikisha wagonjwa karibu 58,000 katika mwaka mmoja wa 1952. Rais Franklin Roosevelt alipoozwa miguu na maradhi hayo mwaka wa 1921, akatawala akiwa katika kiti cha magurudumu.

Virusi vyenyewe vilikuwa vimekwisha kutambuliwa. Mwaka wa 1908 Karl Landsteiner na Erwin Popper, mjini Vienna, waliwadunga nyani kwa uti wa mgongo wa mtoto aliyekufa kwa polio, na nyani wakaugua. Tatizo ni kwamba kwa miaka 40 iliyofuata njia ilibaki hiyo hiyo. Aliyetaka kujua kama mgonjwa fulani ana polio alihitaji nyani, na nyani ni ghali, na majibu huchukua majuma. Virusi havikukubali kukua pengine. Mwaka wa 1936 Albert Sabin na Peter Olitsky, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, walijaribu tishu mbalimbali za binadamu wakaona kwamba virusi vilikua katika tishu za mishipa ya fahamu peke yake. Jaribio lao halikuwa na dosari ya uzembe. Ila virusi walivyovitumia vilikuwa vimepitishwa katika bongo za nyani vizazi na vizazi, hata vikasahau makao mengine. Ulimwengu wa tiba ukayapokea matokeo hayo kama kanuni, na wengi wakaacha kujaribu.

Huko Boston, Enders alikuwa ameanza kushughulikia virusi mnamo mwaka wa 1938, hasa vya surua na matubwitubwi. Mwaka wa 1943 mkewe wa kwanza, Sarah Frances, alifariki akimwachia watoto wawili. Mwaka wa 1946 alitakiwa kuanzisha maabara ya maradhi ya kuambukiza katika Hospitali ya Watoto ya jiji hilo. Alijiunga naye kijana Thomas Weller, na mwaka wa 1948 akaja Frederick Robbins. Wote wawili walikuwa wametoka jeshini. Mzee wao, aliyependa kuvuta kiko na kuvaa tai ya kipepeo, alikuwa na desturi ya kupita maabarani kila siku na kuwauliza kuna lipi jipya. Hakuwa msimamizi wa kukaa ofisini.

Mwezi Machi mwaka huo wa 1948 Weller alikuwa akijaribu kukuza virusi vya tetekuwanga katika vipande vya ngozi na misuli ya vijusi visivyofikia kuzaliwa, vikiwa hai ndani ya mirija ya kioo yenye maji ya virutubishi. Alipomaliza kazi yake mirija michache ilisalia. Katika jokofu la maabara palikuwa na virusi vya polio vya nasaba iitwayo Lansing, ambayo ina sifa ya kuwapooza panya. Wakavitia katika ile mirija iliyosalia. Tetekuwanga haikukua safari ile. Polio ikakua. Maji ya mirija ile walipoyadunga katika bongo za panya, panya wakapooza, na hata maji yalipobadilishwa mara nyingi mno, kiasi kwamba virusi vya mwanzo visingeweza kubaki, bado panya walipooza. Maana yake ni moja: virusi vipya vilikuwa vikizaliwa ndani ya tishu za ngozi na misuli, mahali ambapo kanuni ilisema haviwezi kuishi.

Wengi husimulia kisa hiki kwa kusema kwamba Enders alibahatika. Mimi sikubali. Mirija ile haikusalia hai kwa bahati. Wenzake kwingineko waliziacha tishu zao siku chache zikafa. Yeye na vijana wake walibuni utaratibu wa kuyabadilisha maji ya virutubishi kila baada ya siku chache huku tishu zikiachwa pale pale, hivi kwamba ziliishi kwa majuma na virusi vizitovu vya mwendo vikapata wasaa wa kuongezeka. Pili, walitumia penisilini na streptomisini, dawa zilizokuwa ngeni wakati ule, kuwaua bakteria ambao zamani waliharibu kila jaribio. Kwa ajili hiyo wakaweza kuchukua kinyesi cha mgonjwa, ambacho kimejaa bakteria wa kila namna, wakakichuja na kukitia katika mirija bila ya kuipoteza. Watafiti walioweza kufikia dawa hizo hawakuwa haba. Waliozitumia kwa swali hili ndio waliokuwa wachache.

Makala yao mafupi yalitoka katika jarida la Science tarehe 28 Januari mwaka wa 1949. Walakini, kwa maoni yangu, lililofuata lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza. Wakitazama kwa hadubini waliona kwamba seli zilizoingiwa na polio hujikunyata, huvunjika, hufa. Isitoshe, seli zilizo hai huyafanya maji yake kuwa na asidi, na rangi iliyotiwa ndani yake hugeuka kutoka wekundu kuwa umanjano. Seli zilizouawa na virusi huyaacha maji yakiwa mekundu. Kwa hiyo palihitajika jicho tu, wala si nyani tena. Na ukitaka kujua ni aina ipi ya polio, kati ya aina zake tatu, unaichanganya sampuli na kingamwili za aina moja moja, kisha unatazama ni mirija ipi iliyosalimika. Weller hata alitumia govi za watoto waliotahiriwa pale hospitalini, zilizokuwa zikitupwa, akakuta virusi vinakua vizuri. Wanafunzi wangu hucheka nifikapo hapo, nami huwaacha wacheke, maana hawatalisahau somo.

Tuzo ya Nobel ya tiba ilikuja mwaka wa 1954. Inasimuliwa kwamba iliposikika kuwa huenda ikamwendea Enders peke yake, alishikilia kuwa vijana wake wawili ndio waliofanya kazi ile kwa mikono yao, na kwamba hawezi kuipokea bila ya wao. Lililo hakika ni kwamba waliipokea watatu kwa mafungu sawa, na majina ya Weller na Robbins yamo katika kumbukumbu za dunia. Nawajua wahadhiri, nami sitawataja, ambao jina la mwanafunzi hulitafuta mwisho wa ukurasa, kama hawakulisahau kabisa. La ajabu ni kuwa Enders alikuwa bado hajapewa uprofesa kamili. Harvard ilimpa mwaka wa 1956, miaka miwili baada ya Stockholm.

Jonas Salk alitumia njia yao kukuza virusi kwa wingi katika tishu za figo za nyani, akaviua, akapata chanjo ya sindano iliyotangazwa tarehe 12 Aprili mwaka wa 1955. Sabin, yule yule wa mwaka wa 1936, alitumia njia hiyo kuvidhoofisha virusi akapata chanjo ya matone. Magazeti yaliwafanya hao wawili mashujaa, na walistahili. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyepata Nobel. Enders mwenyewe hakujiingiza katika mashindano ya chanjo ya polio. Aliirudia surua yake ya zamani, na mwaka wa 1954 maabara yake ikavinasa virusi kutoka kwa damu ya mvulana wa shule. Chanjo iliyotokana navyo iliidhinishwa mwaka wa 1963. Nikihesabu watoto waliookolewa Afrika, huenda kazi hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, ila si mada yangu leo.

Mada yangu ni kunasa. Tumezoea kuisifu chanjo na kuisahau maabara, ilhali chanjo isiyojua adui yuko wapi ni sawa na kupiga mishale gizani. Naieleza sababu yangu. Mdogo wangu, ambaye tumefuatana ziwa, alipooza mguu wa kushoto mwaka wa 1971 akiwa na umri wa miaka 3. Katika zahanati moja alitibiwa malaria akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyechukua kinyesi chake, hakuna aliyeandika lolote. Kijijini likazuka neno kwamba jirani yetu mmoja, mama mjane, ndiye aliyemtupia jicho. Mama yule alisusiwa kisimani, akanyimwa moto, na kabla ya mwaka kwisha akahama na wanawe watatu. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu ile makala ya Boston. Elimu ya kumwondolea mama yule lawama ilikuwapo, mirija na hadubini zilikuwapo duniani, lakini hazikuwa na njia ya kufika kwetu.

Njia hiyo ilianza kujengwa baadaye. Mwaka wa 1988 mataifa, katika Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, yaliazimia kuiangamiza polio, na ukaundwa mtandao wa maabara ulimwenguni kote. Kwetu sampuli hupelekwa katika Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, jijini Nairobi, ambayo pia huzipokea za Somalia. Utaratibu ni huu: mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea mguu au mkono ghafla, hata kama yadhaniwa ni sababu nyingine, huarifiwa mara moja. Vinyesi viwili huchukuliwa, kwa kuachanisha saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza, kwa kuwa baada ya hapo virusi hupungua. Hutiwa katika kasha la barafu hadi maabara. Siku zikipita, au barafu ikiyeyuka njiani kati ya Mandera na Nairobi, hakuna mtaalamu awezaye kukirudisha kilichokufa.

Maabarani, mbinu ya Enders ingali ile ile kwa kiini chake, ila imenolewa. Sampuli hutiwa katika seli za aina mbili. Moja hutokana na uvimbe wa misuli ya binadamu, na hukubali virusi vingi vya tumboni. Nyingine, iitwayo L20B, ni seli za panya zilizopandikizwa kile kipokezi cha binadamu ambacho polio hukitumia kama mlango, hivi kwamba polio huingia na virusi vingine vingi hubaki nje. Kisha hufuata vipimo vya chembe za urithi, na mwishowe husomwa herufi zipatazo 900 za urithi wa virusi. Kwa kuwa herufi hizo hubadilika kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, mtaalamu huweza kueleza virusi vimetoka wapi na vimezunguka kimya kwa muda gani. Mwalimu wa fasihi hawezi kulisoma jambo hili bila ya kuwakumbuka wale wanaolinganisha miswada ya zamani, wakihesabu makosa ya wanakili ili wajue upi ulinakiliwa kutoka upi. Enders, kwa masomo yake ya kwanza, angeielewa hesabu hiyo mara moja.

Si mambo ya kubuni haya. Mwaka wa 2013 Kenya ilipata wagonjwa 14 wa polio ya asili iliyoingia kutoka nje, katika mlipuko ulioikumba Somalia pia. Mwaka wa 2018 virusi vilinaswa katika maji taka ya Kamukunji, Nairobi, kabla ya mtoto yeyote wa hapo kujulikana kuwa amepooza. Hivyo vilikuwa vile vilivyotokana na chanjo ya matone: mahali ambapo wengi hawajachanjwa, virusi dhaifu vya chanjo hupata nafasi ya kuzunguka muda mrefu mpaka vikarudiwa na ukali wao. Yapo maneno mitaani kwamba hii ni sababu ya kuikimbia chanjo. Ni kinyume chake kabisa, kwani walio katika hatari ni wale wasiochanjwa. Afrika ilithibitishwa kuwa huru kutokana na polio ya asili mwezi Agosti mwaka wa 2020, lakini mwaka wa 2022 ilitangazwa kwamba mtoto nchini Malawi amepooza kwa virusi ambavyo herufi zake zilifuatwa hadi Pakistan.

Palipobaki udhaifu ni pale pale alipopagusa Enders: muda. Seli zinataka siku za kukua, na nchi nyingi hulazimika kusafirisha virusi ng'ambo ili visomwe. Jijini Kinshasa, kati ya mwaka wa 2021 na 2022, wataalamu wa Kongo pamoja na wenzao wa Uingereza walijaribu kuzisoma herufi moja kwa moja kutoka kwa kinyesi, bila ya kukuza kwanza, kwa mashine ndogo inayoweza kubebwa mkononi. Majibu yalitangulia yale ya njia ya kawaida kwa wastani wa siku 23. Siku 23 ni vijiji vingapi? Natamani maabara zetu zote za Afrika Mashariki zipate uwezo huo, na zipate fedha zetu wenyewe, si za wafadhili tu ambao leo wapo na kesho wamebadili nia.

Hapo ndipo penye ile sababu ya pili niliyowaahidi walimu wenzangu. Mtoto anayeanza kuburuta mguu Jumatatu, mara nyingi mwalimu wa chekechea au wa darasa la kwanza humwona kabla ya daktari. Asingoje Ijumaa. Amweleze mzazi na afisa wa afya siku hiyo hiyo, na asikubali neno la jicho la jirani kabla ya maabara kusema.

Enders alioa tena mwaka wa 1951, akamchukua Carolyn Keane. Alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani mwaka wa 1963, na akaendelea na kazi hadi uzeeni. Fasihi hakuiacha. Jioni moja ya Septemba mwaka wa 1985, nyumbani kwake kando ya maji huko Waterford, Connecticut, alikuwa akiwasomea mkewe na bintiye mashairi ya T.S. Eliot kwa sauti. Alipomaliza alikwenda kulala, na usiku huo, tarehe 8, akafariki akiwa na umri wa miaka 88.